Usuli, juhudi na Mahdi: Walichokiona wasomaji katika riwaya za ‘Dune’

MWAKA wa 1965 kampuni ya Chilton ya Philadelphia, Marekani, ilifanya jambo ambalo halikutarajiwa. Kampuni hiyo ilijulikana hasa kwa vitabu vya kuwafunza watu kurekebisha magari. Ghafla ikatoa riwaya nene kuhusu sayari isiyonyesha mvua, minyoo mikubwa ya jangwani na kijana anayegeuka kuwa nabii. Riwaya hiyo iliitwa Dune. Mwandishi wake, Frank Herbert, alikuwa mwanahabari, mzaliwa wa Tacoma katika jimbo la Washington. Zaidi ya wachapishaji 20 walikuwa wameikataa kabla ya watu wa vitabu vya magari kuikubali.

Leo Dune na riwaya tano nyingine ambazo Herbert aliandika baada yake, ya mwisho ikiwa ya mwaka wa 1985, zinahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za bunilizi ya kisayansi. Sikusudii kuzihakiki zote hapa. Ninalotaka kulijadili ni suala la historia ya usomaji. Wasomaji walipozifungua riwaya hizi, waliona nini? Na sisi wasomaji wa Kiswahili tunaona nini ambacho wenzetu hawakukiona?

Katika taaluma ya fasihi, suala hili tunaliita upokezi. Hans Robert Jauss, msomi wa Ujerumani, alisisitiza katika miaka ya sitini kwamba kila msomaji huja kitabuni na upeo wake wa matarajio. Hakuna anayesoma akiwa mtupu. Msomaji huja na vitabu alivyovisoma awali, historia ya kwao, na lugha anayoifikiria. Riwaya ya Dune ni mfano mzuri wa jambo hili, na mfano wenyewe unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Hebu tuanzie chimbuko. Mwaka wa 1957 Herbert alikwenda karibu na mji wa Florence, katika pwani ya Oregon, kutafuta habari ya gazeti. Wataalamu wa serikali walikuwa wakipanda nyasi ili kuyazuia machuguu ya mchanga yaliyokuwa yakisogea na kufukia barabara. Makala hayo hayakukamilika kamwe. Badala yake Herbert alitumia miaka kadhaa akisoma kuhusu majangwa, dini za watu wa majangwani na namna manabii wanavyozuka. Matokeo yake yalitoka kwanza katika jarida la Analog, sehemu baada ya sehemu, kuanzia Desemba 1963 hadi Mei 1965.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa kwa ufupi ni hiki. Paul Atreides ni mwana wa mtawala. Baba yake anauawa na maadui, naye anakimbilia jangwani pamoja na mamaye. Huko wanaishi Wafremen, watu waliodhulumiwa kwa vizazi, ambao wanamngojea mkombozi. Imani hiyo haikuota yenyewe. Ilipandwa kwa makusudi na shirika la siri la wanawake, Bene Gesserit, ili siku moja iwafae wao wenyewe. Paul anaijua siri hiyo, na bado anaitumia. Anashinda. Anakalia kiti cha enzi. Lakini moyoni anajua kwamba wafuasi wake wataeneza vita katika malimwengu yote kwa jina lake, wala hataweza kuwazuia.

Je, wasomaji wa kwanza waliona nini? Mhariri wa Analog, John W. Campbell, alimwona shujaa. Alimwandikia Herbert akimpongeza kwa kuwa baba wa kijana wa miaka 15 mwenye uwezo unaopita wa binadamu. Arthur C. Clarke naye aliona ulimwengu uliojengwa kikamilifu, akasema kwamba cha kulinganishwa na riwaya hiyo ni The Lord of the Rings pekee. Ajabu ni kwamba J.R.R. Tolkien, aliyeiandika hiyo The Lord of the Rings, hakuipenda hata kidogo. Alisema hivyo katika barua ya mwaka wa 1966, ila akakataa kuikosoa hadharani kwa kuwa aliona si haki mwandishi kumshambulia mwandishi mwenzake. Mwaka huohuo Dune iligawana tuzo ya Hugo na riwaya ya Roger Zelazny, tena ikawa riwaya ya kwanza kabisa kupata tuzo ya Nebula.

Kisha wakaja vijana wa vyuo vikuu. Hao waliona mazingira. Sayari ambayo tone la maji lina thamani kuliko dhahabu, na watu wanaopanga kupanda miti kwa mamia ya miaka, iliwagusa wale waliokuwa wameanza kuuliza maswali kuhusu hewa na mito ya nchi yao. Siku ya Dunia ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1970, Herbert alikuwa miongoni mwa waliosikilizwa. Wengine waliona mafuta. Katika riwaya, kila chombo cha safari za angani hutegemea kiungo kimoja kinachopatikana jangwani tu. Shirika la OPEC lilikuwa limeundwa mwaka wa 1960, basi ulinganisho huo haukuhitaji akili nyingi.

Kwa hivyo kulikuwa na usomaji wa shujaa, wa mazingira na wa mafuta. Lakini Herbert mwenyewe alisema mara kwa mara kwamba jambo lililomsukuma kuandika ni jingine kabisa. Alitaka kuonya dhidi ya viongozi wenye mvuto. Katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1980 alieleza kwamba mashujaa wa kupita kiasi ni maafa kwa binadamu. Alifikia hata kusema kwamba Rais John F. Kennedy alikuwa miongoni mwa viongozi hatari zaidi wa zama zake. Hakumaanisha kwamba Kennedy alikuwa mtu mbaya. Hoja yake ilikuwa kwamba watu walimpenda kiasi cha kuacha kumuuliza maswali.

Onyo hilo halikusikika. Ushahidi tunaupata mwaka wa 1969, riwaya ya pili, Dune Messiah, ilipotoka. Humo Paul ni mfalme mwenye huzuni. Vita vilivyopiganwa kwa jina lake vimewaua watu bilioni 61, na yeye mwenyewe anazitaja hesabu hizo. Mwishowe anapofuka na kutembea peke yake jangwani. Campbell aliikataa. Hakutaka kumwona shujaa wake akianguka, na ikabidi ichapishwe katika jarida jingine, Galaxy. Wasomaji wengi nao waliona kwamba wamesalitiwa. Walikuwa wamemshangilia kijana huyo kwa kurasa mia kadhaa, sasa mwandishi anawaambia kwamba ushangiliaji huo ndio uliokuwa tatizo.

Swali linaloniwasha ni hili: ilikuwaje wasomaji makini, wahariri na waandishi, wasilione jambo ambalo lilikuwa limeandikwa waziwazi katika riwaya ya kwanza? Sababu ni nyingi. Wengi wao walikuwa wamelelewa na hadithi za kijana anayerejea kudai haki yake, na hadithi kama hizo huzoesha macho kuona ushindi. Ila ninaamini kwamba sababu moja ambayo haizungumzwi sana ni ya kilugha.

Herbert aliambatisha faharasa ya istilahi mwishoni mwa Dune. Msomaji wa Kiingereza wa mwaka wa 1965 aliihitaji kwa sababu kitabu kimejaa maneno yaliyomjia kama sauti za sayari nyingine. Sasa mpe faharasa hiyo Mkenya aliyesoma Kiswahili hadi kidato cha nne. Atakutana na baraka. Atakutana na Shaitan, na hatahitaji kuambiwa ni nani. Atakutana na ilm, yaani elimu. Aql, yaani akili. Ayat, yaani aya. Burhan, yaani burhani. Shari-a, yaani sheria. Na ulema, yaani maulamaa. Hajj na Ramadhan zimo pia.

Jina la siri ambalo Wafremen wanampa Paul ni Usul, na Herbert anatufafanulia kwamba maana yake ni msingi wa nguzo. Loo! Hakuna mwanafunzi wangu wa uzamili ambaye hajaandika sehemu inayoitwa ‘usuli wa mada’ katika tasnifu yake. Jina la pili la Paul, Muad'Dib, ambalo ni la panya wa jangwani katika riwaya, limeshikamana kisauti na neno la Kiarabu la mwalimu, lenye mzizi mmoja na adabu na kuadibu.

Zipo pia dhana ambazo Herbert alizipindua. Auliya kwetu ni mawalii, lakini kwake ni mjakazi wa Mungu. Taqwa ni ucha Mungu, naye anaieleza kuwa bei ya uhuru. Kitab al-Ibar ni mwongozo wa Wafremen wa kuishi jangwani, ilhali katika historia ni jina la kitabu kikuu cha Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis aliyefariki mwaka wa 1406. Lililonichekesha zaidi ni mudir nahya. Herbert anasema Wafremen walimwita hivyo gavana wao katili, na kwamba jina hilo hufasiriwa kuwa mtawala shetani. Wazee wa Pwani wanamkumbuka mudir. Alikuwa ofisa wa utawala katika mfumo uleule wa maliwali na makadhi, Zanzibar na katika ukanda wetu wa Pwani wakati wa ukoloni. Wapo waliomwona mudir wao kuwa shetani, huenda, lakini hiyo siyo maana ya neno!

Na tusilisahau neno jihad. Katika riwaya ndilo neno la hofu, jinamizi linalomwandama Paul usiku na mchana. Katika Kiswahili mzizi wake umo katika maneno ambayo mwalimu wa darasa la tatu huyatumia kila asubuhi: juhudi na jitihada. Mtoto wa Nyeri au wa Siaya anayeambiwa aongeze juhudi katika hesabu hajui kwamba anatumia ndugu wa neno ambalo lilimkosesha usingizi mfalme wa Arrakis.

Tofauti ya safari za maneno haya inafaa kuzingatiwa. Kwetu yalikuja na watu. Yalisafiri majahazini, yakaoana na sarufi ya Kibantu, yakaingia jikoni, mahakamani, madrasani na hatimaye kanisani. Leo askofu hutoa baraka na wala hajihisi kwamba anazungumza lugha ya kigeni. Kwa Herbert yalikuja kupitia vitabu. Tunajua kwamba alikisoma The Sabres of Paradise, kitabu cha Lesley Blanch cha mwaka wa 1960 kuhusu vita vya Imamu Shamil dhidi ya Urusi katika milima ya Kaukazi, na akachota humo maneno na hata misemo. Mengine aliyachota katika Kiebrania. Hakuwa mwizi wala mbumbumbu. Alitaka kuonyesha kwamba dini na lugha za leo zitadumu kwa maelfu ya miaka zikibadilika sura, na hilo ni wazo la mwanaisimu. Lakini kwa wasomaji wake wengi maneno hayo yaligeuka mapambo. Yaliwapa ladha ya ugeni, basi.

Neno linapogeuka pambo, historia yake hunyamaza. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Chukua neno Mahdi, ambalo Wafremen wanamwita Paul. Msomaji wa Chicago aliambiwa na faharasa kwamba ni yule atakayewaongoza watu peponi. Akaridhika, akageuza ukurasa.

Katika eneo letu la dunia neno hilo lina tarehe. Mwaka wa 1881 Muhammad Ahmad bin Abdallah alijitangaza kuwa Mahdi nchini Sudan. Watu waliokuwa wamechoshwa na kodi na dhuluma za utawala wa Kituruki na Kimisri walimfuata kwa maelfu, na walikuwa na sababu nzuri za kumfuata. Januari 1885 waliuteka mji wa Khartoum, Jenerali Charles Gordon akauawa. Juni mwaka huohuo Mahdi mwenyewe akafariki. Khalifa Abdullahi akashika hatamu. Kilichofuata ni vita na majirani, njaa kali ya mwaka wa 1888 na 1889, na hatimaye asubuhi ya Septemba 2, 1898 pale Karari, karibu na Omdurman, ambapo bunduki za jeshi la Kitchener ziliwaua Wasudani zaidi ya 10,000 kwa saa chache.

Huenda ukasema hayo ni ya Sudan. La, yamefika Nairobi. Vuguvugu la Mahdi lilimkatia njia Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, pamoja na askari wake. Wengi wao walibaki karibu na Ziwa Albert hadi Frederick Lugard alipowaandikisha kazi mwaka wa 1891. Baadhi ya vizazi vyao na vya wenzao walihudumu katika jeshi la King's African Rifles, wakapewa makao katika msitu pembezoni mwa Nairobi. Msitu kwa Kinubi ni kibra. Ndipo tulipopata Kibera. Kwa hivyo Mkenya anayepita Kibera kwa matatu anapita katika mojawapo ya matokeo ya mbali ya neno ambalo Herbert alilitia katika faharasa yake.

Msomaji anayelijua neno Mahdi pamoja na tarehe hizi hawezi kushangazwa na Dune Messiah. Anajua kwamba ushindi wa nabii ni sura ya kwanza tu. Anajua pia jambo gumu zaidi, ambalo Herbert alilielewa vyema: kwamba wanaomfuata mkombozi si wajinga. Dhuluma waliyotendewa ni ya kweli. Njaa yao ya haki ni ya kweli. Hatari inatokana na kumkabidhi mtu mmoja njaa hiyo yote, kisha wakaacha kumuuliza maswali.

Hata hivyo, tusijisifu mapema. Nimejadili riwaya hii na wanafunzi wangu, wengi wao wakiwa wameijua kwanza kupitia filamu za Denis Villeneuve za mwaka wa 2021 na 2024. Walifurahi kuyatambua maneno. Mmoja kutoka Lamu alinifafanulia Lisan al-Gaib hata kabla sijamaliza kulitamka: ulimi wa ghaibu. Lakini nilipowauliza walikuwa upande wa nani Paul alipodai kiti cha enzi, karibu darasa zima lilikuwa upande wake. Binti mmoja ndiye aliyeuliza, “Prof, na hao watakaouawa watahesabiwa na nani?” Kuyajua maneno, basi, hakutoshi. Lazima neno liamshwe pamoja na historia yake.

Filamu zenyewe ni sehemu ya historia hii ya upokezi. Katika ile ya 2021 neno jihad halitamkwi, na badala yake tunasikia habari za vita vitakatifu. Neno lililokuwa pambo mwaka wa 1965 lilikuwa limeshakuwa mzigo baada ya Septemba 11, 2001. Kwa upande mwingine, mwongozaji huyo alijaribu kulirejesha onyo la Herbert. Katika filamu ya pili alimbadilisha Chani, mpenzi wa Paul, akawa ndiye asiyeamini unabii na anayeondoka wengine wanapopiga magoti. Ni kana kwamba miaka zaidi ya 50 baada ya Dune Messiah ilibidi awekwe mhusika wa kumnong'oneza mtazamaji: usishangilie.

Sasa fikiria kazi ya mtafsiri atakayeileta riwaya hii katika Kiswahili. Tafsiri za lugha nyingine zinaweza kuyaacha maneno haya yalivyo, na ugeni ukabaki. Kwetu ugeni huo utayeyuka. Ukiandika ‘sheria’, msomaji anaona bunge na mahakama. Ukiandika ‘baraka’, anaona harusi. Je, mtafsiri abuni maneno mapya ili jangwa lionekane la mbali, au aache ya kawaida ili lionekane la nyumbani? Mimi ningemshauri ayaache. Herbert aliandika kuhusu watu wanaosubiri mkombozi, na hakuna haja ya kumfanya Mkenya aamini kwamba watu hao wanaishi sayari nyingine.

Tunaye mtangulizi katika hilo. Mwaka wa 1995 marehemu Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi, ambayo mhusika wake mkuu, Dzombo, anarushwa angani kwa chombo na kufika nchi ngeni yenye utaratibu wa haki. Likate jina la riwaya hiyo na utapata sentensi nzima: wale ni sisi. Nawapendekezea walimu wa fasihi wazisomeshe riwaya hizi mbili sambamba. Na wanafunzi watakapofika mahali ambapo umati unamwita Paul Mahdi, mwalimu asitishe usomaji kidogo, aandike ubaoni 1885 na 1898, kisha awaulize ni nini kilichotokea kati ya miaka hiyo miwili.